Uliponiuliza Kama Nasikia

Mpendwa baba,

Nilipokuwa nikisoma Mombasa na kukaa kwa shangazi, kila barua niliyokuandikia ulinirudishia ikiwa imepigwa mistari ya kalamu nyekundu: hapa umekosea herufi, hapa umesahau kumsalimia babu. Hii haitanirudia. Umelala kaburini Gazi mwaka wa tisa sasa, nami nina wajukuu, na nimechoka kulibeba peke yangu jambo tulilolitenda wawili. Wakitaka kuisoma wengine, na waisome. Wengi wao wanaujua upande mmoja tu, ule ulioupenda wewe. Wanajua kwamba mtoto wa dresa alikwanguliwa mfupa akiwa macho, na hakulia.

Nilikuwa na miaka tisa, na ilikuwa imebaki miezi michache bendera ibadilishwe. Nilianguka kwenye mawe ya pwani, kidonda kikaonekana kimepona, kisha mfupa wa muundi ukaanza kuoza ndani kwa ndani. Usaha ulitoka, ukakauka, ukatoka tena. Wewe ulikuwa dresa, mfungaji vidonda, katika ile hospitali ndogo iliyokuwa kwenye njia ya Msambweni, ambayo sasa haina hata ukuta uliosimama, na ukanilaza wodi ya watoto, wodi yako mwenyewe. Mama alikuwa akija asubuhi na uji, anakaa barazani na akina mama wengine, kwa sababu ulikataza mzazi yeyote kuingia wakati wa kufunga vidonda. Ulisema mama huongeza kelele.

Sijasahau kelele zenyewe. Shashi iliyoganda ilibanduliwa kavu kavu, na mtoto alishikwa na watu wanne: wawili mabegani, wawili miguuni. Wewe ulikuwa mmoja wa wanne hao, hata nilipokuwa mimi kitandani. Na siku ya kupasuliwa kulikuwa na kile kikombe cha waya kilichofunikwa kitambaa, kinachowekwa puani na kudondoshewa dawa ya usingizi tone kwa tone. Harufu yake ilikaba koo. Watoto waliiogopa kuliko kisu, maana kisu hawakukiona.

Ndipo alipokuja Bwana Daktari. Hatukumwita kwa jina lingine. Alikuwa mzungu mrefu mwenye mikono myekundu, na alikuja na jambo alilojifunza kwao. Alisema daktari anaweza kumtuliza mtoto kwa sauti tu, polepole, mpaka akili yake iende kwengine na mwili ubaki pale. Si usingizi wa kawaida. Mtoto anasikia anachoambiwa na anajibu, ila maumivu yanamfikia yakiwa yamepungua, na dawa ya usingizi inayotakiwa inakuwa kidogo. Nataka ulikumbuke neno hilo, baba. Mwanzoni alisema kidogo.

Taabu yake ilikuwa lugha. Siku ya kwanza alimwinamia mtoto mmoja aliyevunjika paja akamwambia kwa sauti laini, "Mguu wako umekufa. Umekufa kabisa." Mtoto alipiga ukelele uliosikika mpaka jikoni. Wewe ulitoka nje ukacheka ukiwa umejishika ukuta. Sijawahi kukuona ukicheka hivyo tena. Uliporudi, Bwana Daktari akakwambia, "Basi wewe sema. Mimi nitakufundisha la kusema."

Alikufundisha ngazi. Mtoto ashuke ngazi moja, ya pili, ya tatu, na kila akishuka azidi kutulia. Lakini watoto wetu walikuwa hawajaishi katika nyumba yenye ngazi, na wewe uliliona hilo mara moja. Ukaziacha. Hapo ndipo ninapokuvulia kofia, hata leo, hata katika hasira hii.

Mara ya kwanza waliponikwangua mfupa, ulikaa kichwani pangu. Hukunishika mabega. Uliweka kiganja chako juu ya paji la uso wangu na kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

"Mwanamisi, maji yamekupwa. Tunatembea mimi na wewe, tunakwenda zetu mbali, mpaka pale nyasi za baharini zinapoanzia. Maji yamekufika vifundoni. Unayasikia?"

"Nayasikia."

"Baridi?"

"Baridi, baba."

"Sasa yamefika magotini. Ni ya baridi mno mpaka miguu imekufa ganzi. Iache humo humo majini. Mimi na wewe tutazungumza huku juu."

Na tulizungumza. Uliniuliza habari za kuku wangu, uliniuliza majina ya wenzangu wa chuo cha Kurani, na mimi nikakujibu moja moja. Walinidondoshea dawa matone machache tu, sikukabwa, sikutapika baadaye. Nilijua kuna watu wanafanya kitu mguuni pangu. Nilisikia kuvutwa, nilisikia chuma kikigusa mfupa, kama mtu anayesafisha sufuria katika nyumba ya jirani. Haikuuma. Namwapia Mungu, siku hiyo haikuuma. Na kwa muda wote ule ulikuwa ukinitazama mimi tu.

Hujui hilo lilikuwa na maana gani kwangu. Nyumbani ulikuwa mtu wa kuja, kula na kulala. Nilikuwa mtoto wa tatu baada ya kaka wawili, na sidhani kama ulipata kuniuliza habari za kuku wangu kabla ya siku hiyo.

Kwa wiki nyingi mambo yakawa mazuri. Uliwatuliza watoto wa Gazi, wa Kinondo, wa Msambweni. Wale watu wanne wakabaki wawili, kisha ikawa hatushikwi. Akina mama barazani walianza kukuita kwa heshima, na mmoja alikuletea jogoo. Wewe ukaanza kuvaa shati lililopigwa pasi hata siku ambayo si ya zamu.

Kisha wakaanza kuja wageni. Bwana Daktari aliwaleta kutoka Mombasa, wazungu na mabwana wa hospitali nyingine, na kila walipokuja niliitwa mimi, kwa sababu nilikuwa mwepesi na kwa sababu nilikuwa wako. Ulinituliza mbele yao, ukanichoma sindano kwenye mkono, ukawaambia, "Mwanangu huyu hasikii maumivu." Walinisogelea na kuniangalia macho. Ulininunulia kashata mara moja, na mara nyingine halua, na jioni ulimhadithia mama jinsi nilivyotulia. Nilizipenda jioni hizo. Sikulalamika, na sitajifanya leo kwamba nililalamika.

Mara ya tatu waliponikwangua mfupa, wageni walikuwa watano.

Bwana Daktari alikuwa na haraka. Alitaka waone kazi bila tone hata moja la dawa. Nilimsikia akikuuliza kama naweza, na nilikusikia ukijibu, "Huyu anaweza, bwana." Mimi hamkuniuliza. Ulikaa kichwani pangu ukaanza: maji yamekupwa, tunatembea. Lakini macho yako yalikuwa kwa wageni. Uliyasema maneno kama mtoto anayesoma somo alilolikariri, na uliponiuliza kama maji ni ya baridi hukungoja nijibu. Nilijaribu kwenda peke yangu, baba. Nilifumba macho nikayatafuta yale maji, na sikuyapata. Nikasikia kisu.

Sina haja ya kukueleza kisu. Ulifanya kazi miaka mingi mahali palipo na visu. Nitakwambia tu kwamba niliuma ulimi, na damu nikaimeza ili isionekane mdomoni.

Ukainama. "Unasikia, mwanangu?"

Ulikuwa umerudisha macho kwangu. Uso wako ulikuwa karibu sana, na ulikuwa na furaha, na watu watano walikuwa wakingoja jibu langu. Nikasema, "Sisikii."

Walipiga makofi. Mmoja wao aliandika kitu katika daftari dogo. Wewe ulisimama wima, ukanyoosha shati.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilisema uongo. Uongo wangu ninaukubali. Lakini wewe ulikuwa mfungaji vidonda kwa miaka kumi na miwili. Ulikijua kidole cha mguu kinavyojikunja, ulilijua jasho la mtu anayeumwa, uliwahi kumwambia mama kwamba mgonjwa akikudanganya kwa mdomo utamwona kwenye vidole. Vidole vyangu vilikuwa mbele yako, juu ya meza. Hukuvitazama.

Wiki mbili baadaye aliletwa Mejumaa.

Alitoka Mkongani, baba yake alimpakia kwenye baiskeli mpaka Kombani na kutoka hapo wakapanda lori. Alikuwa na miaka saba. Alikuwa ameungua mkono jikoni mwaka mmoja nyuma, na ngozi ilikuwa imepona vibaya, ikaushika mkono na kifua pamoja kiasi kwamba hakuweza kuunyoosha. Ilibidi akatwe pale paliposhikana. Hakuwahi kumwona mzungu, hakuwahi kulala kitanda cha chuma, na siku mbili zote alizokaa wodini alizungumza na mimi tu, kwa sababu nilimgawia ndizi.

Bwana Daktari akasema, kama mtoto wa dresa ameweza bila dawa, na huyu ataweza. Nilikuwa nimelala kitanda cha pili. Nilisikia. Dawa ilikuwamo kabatini, baba, chupa mbili, nilikuwa nikiziona kila mlango ulipofunguliwa. Na wewe ulijua kwamba kazi hii inataka mtoto akuamini, na kwamba Mejumaa alikuwa akijificha chini ya kitanda kila ulipopita. Ungeweza kusema, "Bwana, huyu tumpe dawa kidogo." Sentensi hiyo fupi ungeweza kuisema. Ulisema, "Tutajaribu, bwana."

Mkanibeba na mimi mkaniingiza chumba cha kupasulia, nikae kwenye kiti karibu naye nimshike mkono ule mzima, ili aone mtoto mwenzake aliyeshinda. Nilimshika. Ulimwambia habari za bahari kupwa, mtoto wa Mkongani ambaye bahari aliiona kwa mbali tu, siku ile ile aliyoletwa. Alikuwa akikutazama bila kupepesa, na mimi nilidhani labda inafaa, labda maji yamekuja. Kisha akakatwa.

Alipiga kelele ambazo sijui niziandike vipi. Alimwita mama yake, na mama yake, aliyekuwa amemfuata na kukaa barazani, akaanza kugonga mlango. Bwana Daktari alikataa kusimama, akasema mkono umeshafunguliwa, lazima tumalize. Wale watu wanne wakarudi. Na wewe, baba, hukwenda kabatini. Ulimwinamia Mejumaa na kumwambia kwa ukali:

"Nyamaza! Mwangalie mwenzako huyu. Mbona Mwanamisi hakulia?"

Akageuza kichwa akanitazama. Nami nikamtazama, na sikufungua mdomo.

Mkono wake ulipona. Ulinyooka, na Bwana Daktari aliuhesabu kuwa ushindi. Lakini mama yake alitoka pale akiwaambia watu kwamba hospitali ina uchawi, kwamba dresa mmoja huwafunga watoto wa watu kwa maneno, na hasira hiyo wewe uliiona ni ujinga wa watu wa bara kavu. Nyumbani ulisema mbele yangu, "Mtoto yule mkaidi. Kosa ni lake."

Bendera ikabadilishwa. Bwana Daktari akaondoka na masanduku yake, na kitabu chake cha kumbukumbu, na sidhani kama jina lako liliandikwa humo. Akaja daktari mpya, kijana wetu wa Kenya, aliyesomea ng'ambo. Watu walidhani atakupiga marufuku. Hakufanya hivyo. Mama alikuwapo alipokuita, na yeye ndiye aliyenihadithia. Alikwambia, "Shikamoo, mzee. Nimesikia una sauti inayowatuliza watoto. Naihitaji sana hapa. Lakini iende pamoja na dawa, na mtoto aulizwe kwanza, na akisema anaumia tusimame."

Alikupa kazi yako ile ile, iliyosafishwa. Na wewe ukaona amekutukana. Ulisema hukubali kufundishwa na mtoto aliyezaliwa juzi. Ukaomba uhamishiwe stoo, ukakaa huko mpaka ulipostaafu, ukitoa mashuka na kupokea mashuka, huku ng'ambo ya ua watoto wakifungwa vidonda na wakilia. Stoo ilikuwa na dirisha upande huo. Ulilifunga.

Katika mambo yote, hilo ndilo linalonichoma zaidi. Zaidi ya kisu. Kwa sababu najua ulichokuwa nacho. Nilikuwamo ndani yake mara moja, magotini mwangu palikuwa na baridi na hapakuwa na maumivu, na ningetaka kila mtoto wa pwani hii akipate. Ulikizika kwa sababu uliambiwa umuulize mtoto.

Nilipotimiza miaka kumi na sita nilijipa moyo. Ilikuwa likizo, asubuhi, ulikuwa ukinyoa ndevu mbele ya kile kioo kidogo cha barazani.

"Baba, ile mara ya tatu nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Kisu. Tangu mwanzo mpaka mwisho."

Wembe ulisimama shavuni. Baadaye ukauosha kwenye kikombe, taratibu.

"Na mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza sikusikia."

Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yako, nilikuwa nimejiandaa hata kwa machozi. Ukasema, "Basi hiyo ya tatu usiwaambie watu." Ukaendelea kunyoa.

Nami sikuwaambia. Nilikutii kwa zaidi ya miaka arobaini, na mingine karibu tisa baada ya kufa kwako. Mpaka mwezi uliopita, tulipokusomea khitma, na baada ya dua kaka Bakari akaanza tena kile kisa cha dada yake aliyekwanguliwa mfupa asilie, watoto wamekaa mkekani wamemkodolea macho. Nikasema, "Kaka, nilisikia kila kitu."

Bakari akakasirika. "Umengoja mpaka mzee amekufa ndipo umvunjie heshima?"

"Sikungoja. Nilimwambia akiwa hai."

Hakuniuliza ulijibu nini. Nadhani alilijua jibu. Alikuwa mtoto wako vile vile.

Juma lililofuata nilikwenda Mkongani kumtafuta Mejumaa. Haikuwa vigumu; anauza mahindi na kunde, na kila mtu anamjua. Nilimkuta uani akipepeta kunde kwa mikono yote miwili. Mkono ule una mshipi wa kovu kutoka kwapani mpaka kiwikoni, lakini unafanya kazi. Nilimwambia mimi ni nani. Akaweka ungo chini, akanikaribisha, akanipa maji, akaulizia afya ya nyumbani kwangu mpaka salamu zikaisha zote. Kisha nikamwambia nilichokwenda kumwambia: kwamba nilipasuliwa nikasikia, na nikasema uongo, na kwa uongo wangu na yeye akakatwa bila dawa.

Alikaa muda mrefu akichagua mawe kwenye kunde ambazo zilikuwa zimeshachaguliwa.

"Mimi nilidhani nina kasoro," alisema hatimaye. "Nilidhani watoto wengine hawasikii, ila mimi. Nimezaa watoto sita, Mwanamisi. Sikutoa sauti hata kwa mmoja. Wakunga walinisifu. Yule wa nne alikuwa amelala vibaya tumboni, siku mbili nzima, na mimi nimenyamaza tu nisionekane mkaidi, mpaka wakachelewa kujua. Alikufa."

Ningesema nini, baba? Wewe ungesema nini?

Akaniuliza kama uko hai. Nikamwambia umekufa. Akatikisa kichwa, akasema, "Alikuwa akipita hapo Kombani kila mwezi kwenda Kwale. Tulikuwa tukimwona. Hakuwahi kukata kona kuja huku."

"Hakuwahi," nikasema.

"Basi mwambie wewe."

"Nimwambieje mtu aliye kaburini?"

"Mwambie hivyo hivyo," akasema. "Mwambie iliuma. Na mimi mtajie."

Tulilia sote wawili, wanawake wazima, kwa sauti, mpaka mkwe wake akatoka ndani kuuliza kuna msiba gani.

Nimekuombea rehema kwa Mwenyezi Mungu kila Ijumaa tangu tulipokuzika, na nitaendelea, kwa sababu ni haki yako kwangu na kwa sababu siku moja ulinitembeza majini na kunitoa katika maumivu. Yeye ni mwingi wa kusamehe. Mimi bado sijafika. Sitakudanganya mara ya pili kwa kukuambia nimefika.

Iliuma, baba. Ilimuuma na Mejumaa.

Ni mimi, binti yako,
Mwanamisi